Kibao Kilichoonja Maziwa

Mtaa wa Kanisani,
Amidalia Mpya,
Kalabria.

6 Mei 2019

Mpendwa Shangazi Olimpia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha visirani tangu wakuchome ile sindano. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo, lakini akiitwa mezani kikohozi kinapona. Mama anakusalimu sana na anauliza kama mbegu za biringanya alizokutumia zimeukubali udongo wa Adelaide. Na mjukuu wako, Cosimo mdogo, ameshaota meno ya mbele? Picha yake tumeibandika kwenye friji, na kila mgeni anayeingia anaambiwa kwamba pua ile ni ya ukoo wetu, apende asipende.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nakujua, Shangazi. Nikitaja kwenye simu jambo usilolitaka, unaanza kunisomea hali ya hewa ya Australia. Karatasi haikatizwi. Basi weka kahawa jikoni, ukae, usome mpaka mwisho.

Msimu wa matembezi umeanza vizuri. Kila Jumamosi navaa beji yangu ya Hifadhi ya Aspromonte, nakusanya watu wa mijini pale darajani, tunapanda kwa njia ya mtoni hadi kijiji cha zamani. Njiani nawaonyesha ndege na majani ya dawa. Wote wanataka kumwona mbwa mwitu, nami nawaombea kimoyomoyo wasimwone. Tukishazunguka magofu, tunamalizia zizini kwa Mzee Bruno Nucera, anayetukatia jibini. Ndiyo, Bruno yuleyule. Usiikunje barua.

Mwaka huu mvua zilichelewa kuondoka, kwa hiyo vichaka vya maua ya njano vimefunika mpaka ngazi za kanisa. Mipungate yenye miiba imeingia ndani ya nyumba za watu na kukaa kama wenyewe. Vile vigingi vya chuma ukutani bado vipo, na wageni hawaamini nikiwaambia kwamba mama zetu walikuwa wakifunga watoto hapo kwa kamba ili wasitumbukie korongoni. Huwa nawaonyesha kigingi cha Baba. Yeye anasema kamba ile ndiyo iliyomfundisha uvumilivu. Mama anasema haikumfundisha kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi iliyofuata Pasaka nilikuwa na kundi kutoka Bologna. Kati yao alikuwamo daktari mmoja wa meno, Bwana Galeazzo, mtu mwema lakini hasikii la mtu. Kila nyumba nasema tazameni, msiguse. Tulipofika kwenu, akaegemea lile jiko la mkate ili apigwe picha, na jiwe likachomoka ukutani.

“Jamani, nimewabomolea nyumba?” akauliza, uso umemwiva.

“Ilishabomoka kabla hujazaliwa,” nikamwambia. “Lakini ondoka hapo, tafadhali, kabla paa halijakufuata.”

Mkewe, Bibi Ivana, ndiye aliyechungulia kwenye tundu. “Fortunata, humu mna kitu,” akasema. Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha shuka. Nilipokifungua nikakuta kibao cha kukandia jibini ya Pasaka, cha mti wa mforsadi, kimechongwa umbo la mwanamke aliyeshika kiuno, na juu ya kichwa chake jua lenye miale mifupi. Jua lile nalijua. Kila mbuzi wa Mzee Bruno amevaa kola ya mbao yenye jua hilohilo.

Shangazi, unajua mimi ni mdaku toka tumboni. Nilikitia kwenye mkoba, na njia nzima kwenda zizini nilikuwa nawajibu watu kuhusu vipepeo huku akili yangu haipo.

Mzee Bruno alitupokea kwa maneno yake ya kila siku. “Karibuni, karibuni! Nani kati yenu amemkimbia mbuzi wangu pale kwenye miti ya mialoni? Msifiche, mbuzi ameshanieleza.” Bwana Galeazzo akanyoosha mkono, wote wakacheka. Mzee akatupa kisogo na kuanza kukata jibini.

Bibi Ivana akauliza kibao kile kilikuwa cha nini. Ungenisikia ungecheka. Nilisimama kama mwalimu, nikawaeleza kwamba kijijini kwetu kijana hakutuma mshenga. Alichonga kibao, akakiacha mlangoni kwa msichana wakati wa Kwaresima. Msichana asipomtaka, alikirudisha kikavu. Akimtaka, aliikandia jibini humo, akapanda nayo Alhamisi Kuu mpaka zizini kwa kijana, akaiacha juu ya jiwe la mlangoni bila kumwita mtu. Kijana akiikuta, Jumatatu ya Pasaka anashuka kwao msichana na mwanambuzi mabegani, na hapo mambo yamekwisha. Katikati ya hayo yote hakuna kuulizana. Anayeuliza ameharibu, na kijiji kitamcheka mpaka azikwe.

“Ni desturi nzuri sana,” akasema Bibi Ivana. “Na kama kibao hakikurudi, wala jibini haikuonekana?”

Nilimgeukia Mzee Bruno anisaidie, nikaona kisu kimesimama katikati ya jibini. Kumbe alikuwa ameshageuka na kuona kilicho mkononi mwangu.

“Hapo kijana anachunga mbuzi wake, mama,” akasema. “Kuleni. Jibini inapata joto.”

Wageni walipokuwa wakila, akanivuta nyuma ya zizi. “Umekitoa wapi hicho?”

“Nyumbani kwa babu, nyuma ya jiko la mkate. Mzee, hili jua ni lako, usinidanganye.”

Hakunidanganya. Alikichukua, akakifuta kwenye suruali, akapitisha ukucha kwenye michongo. Ukucha ukatoka na chembe nyeupe. Akanusa. “Kimeonja maziwa,” akasema.

“Kimefanya nini?”

“Kimeonja maziwa, Fortunata. Mforsadi mkavu ni wa njano. Tazama huu ulivyokolea. Kimekandiwa jibini hiki.” Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakulia, Shangazi. Alicheka kidogo, kama mtu aliyetafuta miwani kutwa akaikuta usoni mwake. Kisha akaniambia nishushe watu wangu kabla ukungu haujatanda, akaingia ndani.

Miaka yote alidhani babu alikitupa kibao chake korongoni kwa dharau. Hilo alinieleza baadaye. Siku ile nilishuka mlima na maswali yangu.

Jumapili tukiwa mezani nikamuuliza Baba. Akaanza kukohoa.

“Hayo mambo ya kale,” akasema. “Pitisha mkate.”

“Sema, Baba Fortunata,” Mama akamwambia, “au mchuzi huu wa mbuzi huuoni tena.”

Baba akasema. Anasema alikuwa mtoto, amefungwa kwenye kigingi chake pale mlangoni, kwa hiyo hakuna kilichompita. Alhamisi Kuu ulitoka na kitu chini ya mtandio, mvua inanyesha. Alipokuuliza waenda wapi, ukampa zabibu kavu anyamaze. Ulirudi umelowa chepechepe, unacheka peke yako. Kisha Jumatatu ya Pasaka ukavaa blauzi nyeupe, ukafagia ngazi zote, ukakaa mlangoni. Bibi alikuita ukale, hukwenda. Ulikaa mpaka jua likazama. Wiki hiyohiyo malori yakaja kuwahamisha kwa sababu ya ufa wa mlimani, na hujapanda kule tena.

“Na hukujua anamngoja nani?” nikamuuliza.

“Nilidhani anamngoja Papa,” akajibu Baba. “Kwa blauzi ile!” Tulicheka, lakini Mama alikuwa anajifuta macho kwa aproni.

Sikuweza kungoja Jumamosi. Nilipanda peke yangu kesho yake. Nikamkuta Mzee Bruno anafunga kengele kwenye kola, nikamwambia yote, la mtandio, la mvua na la zabibu. Nilipofika kwenye blauzi nyeupe, akaiweka kengele chini.

“Sikuwapo,” akasema.

“Hukuwapo wapi?”

“Hapa. Mlima ulikuwa unapasuka hapo juu, unaona? Jumanne ya wiki ile niliwavusha mbuzi mpaka zizi la mjomba, ng'ambo ya mto. Kabla sijarudi mto ukashuka na mawe na miti, ukabeba daraja. Nikanasa huko mpaka Pasaka ikapita. Nilipovuka, jiwe la mlangoni lilikuwa tupu. Tupu kabisa, Fortunata. Nikasema basi, nimekataliwa.” Akapiga goti lake. “Mbweha! Nimemlaumu babu yako, nimemlaumu kasisi, kumbe mbweha ndio walioila jibini yangu!”

“Sasa kwa nini hukuuliza, Mzee? Hata baadaye?”

“Niulize nini? Nani anauliza?”

“Hata kwa barua? Hata kwa Baba yangu, unayekutana naye sokoni kila mwezi?”

“Wewe hukuzaliwa huku juu,” akanijibu. Hakukasirika. Alisema tu.

Mimi nilikasirika, Shangazi, nakuambia kweli. Nimekuwa nikiwasimulia wageni desturi ile kama ua la kuvaa kifuani, nao wanaiandika, wanaisifu. Jumamosi iliyopita nilipofika mahali pa “hakuna kuulizana” nikaparuka. Watu wawili wamekaa na maumivu yasiyo na mwenye kosa, mmoja juu ya mlima na mwingine upande wa pili wa dunia, kwa kuogopa kuchekwa na kijiji ambamo sasa wanaishi mijusi.

Sikuandikii ili nikuvuruge. Marehemu Mjomba Cosimo alikuwa mtu wa dhahabu, alinibeba mgongoni mlipotutembelea, na sisi sote tunamwombea. Sitaki kumwondolea hata chembe. Lakini naona ni haki yako kujua kwamba siku ile ya blauzi nyeupe hukupuuzwa. Ulidhani aliikuta jibini, akaila, akakaa kimya? Ndiyo maana kila nikitaja zizi lile kwenye simu mvua inaanza kunyesha Adelaide? Na kibao, ulikificha wewe ukutani, au bibi? Niandikie, tafadhali. Kama hutaki kuniandikia mimi, unajua wa kumwandikia. Anajua kusoma, miwani anayo, na posta inamfikia kupitia kwangu.

Nilitaka kumwachia kibao, akakataa. Alisema anayekikandia ndiye mwenyewe, hayo hayana mjadala. Kwa hiyo nimekifunga vizuri, na nimekituma kwa kifurushi siku hii hii. Usikioshe kwa sabuni.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Bwana Galeazzo ametuma kopo la saruji kutoka Bologna pamoja na kadi ya kuomba radhi. Agata wa duka la mkate amepata mapacha, wote wasichana, na mumewe bado anatembea kama aliyepigwa na mlango. Kasisi mpya anahubiri kifupi, watu wanampenda.

Nisalimie binamu Tito na mkewe, umbusu Cosimo mdogo kwenye ile pua, na umwambie binamu Consolata kwamba deni lake la kunitembelea bado nalihesabu. Baba anasema samahani kwa kukaa kimya, na kwamba zabibu zile zilikuwa chache. Mama anakukumbatia.

Mzee Bruno nilimwomba salamu za kukuletea, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshafika kwenye mialoni aliponipigia mbinja nirudi. Akaniambia niandike maneno haya, nisipunguze wala nisiongeze:

“Mwambie Olimpia nilikuwa ng'ambo ya mto. Alhamisi ile nilimwona mtu mwenye mtandio kwenye mlango wa zizi langu, katika mvua. Nilidhani ni mama yangu, nikampungia mkono. Muulize kama aliuona.”

Mungu akutunze, Shangazi, na akupe usingizi mwema ukishaisoma barua hii.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mdaku wako,

Fortunata