Tofali la Mwisho la Kaburi la Baba

Yurany, shoga yangu, nimeiba tofali makaburini! La kaburi la baba!

Baba unamjua. Maisha yake yote shimoni kwenye makaa ya mawe, akirudi nyumbani hataki kuona mlango umefungwa. Hata wa choo aliung'oa, ikabidi tuwe tunaimba humo ili mtu asituingilie.

Sasa leo jeneza limeingizwa kwenye kaburi la ukutani, lile tundu la kwenye ukuta wa makaburi, fundi anaziba kwa matofali. Limebaki tofali moja, mama akapiga ukelele: "Usizibe! Mume wangu Ananías hajalala mlango umefungwa hata siku moja!"

Padri akambembeleza, "Mama, kaburi haliachwi wazi."

"Nimesema usizibe!"

Watu wote wakanigeukia mimi. Mimi! Fundi alipoinama kuchota saruji, nikalitia tofali mkobani. Mkobani, Yurany!

Sasa nyumba imejaa wenzake wa mgodini, na padri yuko sebuleni anaulizia tofali. Nimejibanza chooni, tofali mapajani, mlango hakuna, naimba kama chizi.

Mama kapita sasa hivi. Kaliona. Nikanyamaza.

Akaninong'oneza, "Endelea kuimba, mwanangu."