Anayebaki Mlangoni

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui na kikohozi kimekuacha. Sisi wazima, wajukuu wako wanakua mpaka nguo zinawakimbia.

Najua ni miaka tisa hatujaandikiana, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Wizara imetuteua walimu sita kuandika mtaala wa somo la bahari kwa darasa la tano. Kitabu hakichapwi bila saini yangu. Lakini katika sisi sita hakuna aliyewahi kufanya kazi melini. Mwenyekiti wetu amepanda kivuko mara mbili, na mara ya pili alitapika. Baharia ninayemjua ni mmoja tu. Nakuomba usome rasimu hii, uweke alama nyekundu palipo na kosa.

Ni kazi tu, Baba. Mengine tuyaache yalipo.

Mwanao.

15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma, kikohozi kipo, lakini ngazi bado napanda bila kushika ukuta. Wape wajukuu salamu, uwaambie babu yao alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, si "mzee wa mafundo" kama ulivyoandika ukurasa wa nne.

Masomo sita ya kwanza yana makosa ya kawaida ya watu wa nchi kavu. Hilo fundo la ukurasa wa tisa ukimfungia mbuzi, mbuzi atafika nyumbani kabla yako. Nimekuchorea la kweli pembeni.

Lakini somo la saba lichomeni moto. Eti baharia anamwona mwenzake ameanguka ndani ya tumbo la meli, anaruka, anambeba mgongoni, wote wawili wanavishwa nishani. Nani kaandika upuuzi huu? Kule chini hewa inaweza kuwa imekwisha, na haina rangi wala harufu ya kukuonya. Anayeruka naye anaanguka. Kanuni ni moja: akiingia mtu, mwingine anabaki mlangoni, kamba mkononi. Huyo haingii. Hata aliye ndani awe nani, haingii. Anaita msaada, basi.

Wewe unajua kwa nini nasema.

Baba yako, upende usipende.

21 Machi

Mzee,

Asante kwa mafundo.

Somo la saba kaliandika mwenyekiti, na sote tumelipenda. Mimi pia. Na ndiyo, najua kwa nini wewe hulipendi. Kaka alikuwa kule chini na wewe ulikuwa mlangoni, umesimama, unamtazama. Nilikuita mwoga mbele za watu siku ya maziko, na neno hilo sijalifuta. Usitumie kalamu yangu nyekundu kujisafisha.

Dada wa marehemu.

2 Juni

Binti yangu,

Shikamoo sikuiona, lakini naiitikia hivyo hivyo: marahaba. Hukuniuliza hali, nakwambia mwenyewe: mimi mzima.

Miezi miwili naandika barua hii, nachana. Leo sichani.

Shehena ilikuwa magogo mabichi. Magogo yanakula hewa, na tumbo la meli lilikuwa limefungwa siku kumi na mbili. Fundi mmoja alishuka bila hewa kupimwa, akaanguka. Kaka yako, aliyekuwa zamu nami, akamwona, akamfuata mbio, vilevile kama huyo shujaa wa mwenyekiti wenu. Ngazi hakuimaliza. Nilipofika mlangoni nilimkuta amelala chini, uso juu. Nyuma yangu vijana watano, wote wanataka kushuka. Nikashika kamba mkono mmoja, nikaokota nondo kwa mwingine, nikasema atakayenipita namvunja mguu. Nikaagiza mitungi ya kupumulia. Ilichukua dakika kumi na moja kufika. Dakika zote hizo nilikuwa namwita mwanangu kwa jina, na sikushuka.

Wale watano wako hai mpaka leo.

Siku ya maziko sikukujibu kwa sababu hata mimi nilitaka mtu anitukane. Sasa imetosha. Mimi si mwoga. Hicho kitabu kiandikeni mnavyotaka, lakini mtoto wa watu akiruka kwa sababu yake, usije kulia kwangu.

Baba.

9 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima. Unalala? Unakula? Niambie ukweli.

Nilijua ulisimama. Sikujua ulisimama vipi, na miaka tisa sikuuliza. Nisamehe, Baba. Nimelia ofisini mpaka mhudumu akaniletea maji.

Jana nilisoma barua yako mbele ya jopo. Sikukuomba ruhusa, utanigombeza baadaye. Mwenyekiti akasema inasikitisha, ila watoto wanataka shujaa, na kurasa zimeshapangwa. Nikamwambia saini yangu naondoka nayo. Akasema ataweka mtu mwingine. Nikamwambia amweke, lakini amtafute ambaye hana mtoto. Nikatoka, na mlango nadhani waliusikia mpaka ghorofa ya chini.

Somo la saba nimeliandika upya. Mwalimu wa shule ya majaribio kanipa darasa lake nilijaribie humo, jopo litake lisitake.

Mwanao mkaidi.

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba mbili, nimezipokea zote. Nakula. Kulala, tangu barua yako ije, nalala.

Usisaini. Wakikufukuza, chumba chako kipo, nimekifagia.

Baba.

4 Julai

Baba,

Shikamoo. Goti je? Sisi wazima, ila sauti imenikauka kwa kufundisha.

Tulipanga madawati yakawa tumbo la meli, tukafunika turubai. Ndani tukamlaza mtoto mmoja kama amezimia. Mlangoni tukamweka pacha wake, kamba mkononi. Wallahi darasa zima likamzomea: ingia! Ingia, dada yako huyo! Katoto kamekaza kamba, machozi yanatiririka, lakini hakakuingia. Kakapiga kelele mpaka walimu wa vyumba vya jirani wakaja mbio: "Siingii! Leteni watu!"

Mwenyekiti alikuwa kakaa dawati la nyuma. Alikuja kunikamata, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo hajaleta mtu wa kushika nafasi yangu, na shujaa wake hajampeleka kiwanda cha uchapaji. Akimpeleka, nitazunguka shule kwa shule kwa miguu yangu na somo letu.

Nilimtazama yule mtoto nikakuona wewe. Nimekuambatanishia hatua tano za somo. Kama kuna tulichosahau, weka nyekundu.

Mwanao.

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti lilelile, tumezoeana.

Nimesoma hatua zote tano. Pima hewa, weka mtu mlangoni, asiingie, aite msaada, angoje mitungi. Sawasawa. Alama nyekundu sina.

Ila mmesahau moja. Kwenye maelezo ya chini mmeandika ya aliye ndani mpaka anatolewa, anafunikwa blanketi, anapelekwa hospitali. Yule wa mlangoni mmemwacha hapo hapo na kamba yake. Mimi niliachwa hapo hapo. Walipita kushoto na kulia kwangu, na jioni bado nilikuwa nimeishika kamba.

Andika hatua ya sita: mtu aende amtoe kamba mkononi, amkumbatie. Mwenyekiti akisema hilo si la mtaala, mwambie aje aniambie mimi. Nondo ninayo.

Na yule pacha, kuna aliyemkumbatia? Kama hakuna, rudi kesho asubuhi.

Baba yako.