Kindege Nilichokiwekea Tiki

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kwa bahati sina mpinzani, toka hapa kijijini Magomeni, chini ya mlima, mpaka Mikumi kwa wenye magari ya watalii. Mtaalamu Lusekelo kapanda mlima miaka mitatu anakitafuta kile kindege cha msitu wa ukungu, kidogo kama dole gumba, kinachodonoa wadudu kwenye miti yenye ndevu. Kaambulia mafua. Mimi leo, siku moja tu — nimepiga mluzi korongoni, kikajibu, kikaja tawini kunisalimia. Fomu ya Lusekelo ina vyumba viwili, KUSIKIA na KUONA. Nimeweka tiki KUONA. Kubwa, kama ya mwalimu aliyelipwa jana.

Jumatano, 16 Julai
Hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kikao cha kamati ya msitu. Eti kwa kuwa kimeonekana, korongo lote linafungwa, na shamba la mama Marselina limo humo humo. Mjane. Hana jingine. Nikasimama, nikasema kindege kinakula wadudu, maharage hakiyajui hata kwa sura. Wakacheka. Mwenyekiti Gabrieli, anavyoongea utadhani kindege kimeoa kwake: si wewe ndiye uliyekiona, bwana mkubwa? Kingesikika tu, tungesubiri.
Mshenzi. Na fomu nayo mshenzi.

Alhamisi, 17 Julai
Sijala. Nimemtukana mbuzi wa jirani bure.

Ijumaa, 18 Julai
Nimempelekea mama Marselina sukari kilo mbili. Shikamoo. Marahaba mwanangu, kaa ule. Maharage yale yale anayonipa kila nikishuka mlimani na njaa. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Kauliza tu, hicho kinachonitoa shambani kifua chake rangi gani, angalau nikijue. Nikasema njano. Akakoroga chungu. Akasema Lusekelo jana kamwambia rangi ya chungwa. Kisha akaniongezea wali.

Jumamosi, 19 Julai
Watu wa wilaya wamefika. Gabrieli katuma bodaboda nikasaini mbele yao kwamba nimekiona. Dereva yuko nje anapiga honi, anaita, mzee wa bahati, twende! Tangu asubuhi natukana — Gabrieli, Lusekelo, kamati nzima. Matusi yamekwisha, tiki bado yangu.
Honi tena.
Bahati gani. Sikukiona. Ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wangu sikuuona. Nilipiga mluzi, korongo likajibu vile vile nilivyopiga, mpaka na pale nilipokosea.