Maji Niliyommwagia Mtani Wetu

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
11 Agosti, 1974

Mpendwa mdogo wangu Mfaume,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe na mkeo Hamisa. Hali zenu? Tumbo linamwendaje Hamisa, na miguu bado inamvimba? Mwambie akilala aiweke juu ya mto, na chumvi apunguze. Mie mzima, alhamdulillahi. Kifua kilichonisumbua wakati wa masika kimepoa.

Barua yako niliipata tangu mwezi uliopita. Najua umengoja jibu mpaka umechoka. Nimeanza kukujibu mara nyingi, nikachana. Hata sasa nimekaa barazani na ukili wangu wa mkeka pembeni. Nikiandika maneno mawili natamani kushona, nikishona naona heri niandike. Siku hizi situlii, Mfaume. Nafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Juzi nilisimama foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, nilipokaribia dirishani nikaondoka zangu, na sukari ilikuwapo! Jirani yangu Yuliana akaniuliza, "Shoga, una nini wewe?" Nikamwambia sina kitu.

Umeniita nije nimwangalie mzazi, na mtoto akiwa wa kiume nimpe mie jina la baba, maana kwetu shangazi ndiye mwenye haki hiyo. Ni heshima, najua. Basi kwa nini niliposoma maneno yale niliikunja barua nikaitupa uvunguni? Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanuna.

Unamkumbuka Jabiri, mtani wetu Mnyamwezi, yule jirani anayebeba mizigo bandarini. Baba alipokuwa mgonjwa kitandani, Jabiri alikuwa akija kila akitoka kazini kunisaidia kumgeuza. Kwenye matanga yake mwaka jana, wewe ukiwa bado hujafika, akafanya kazi yake ya utani. Akavaa koti la baba, akajilaza mkekani, akakohoa vile vile alivyokuwa akikohoa baba, akaita, "Mfaume kaja? Nani huyo? Aa, ni wewe tu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mie nikachukua ndoo ya maji machafu ya kuoshea vyombo, nikammwagia yote, na matusi juu. Matangani, mbele ya wazee! Toba! Mtani hanuniwi, unajua hivyo. Amepewa ruhusa ya kusema lolote ili wafiwa wacheke, wapumue kidogo. Tangu siku ile sikumsalimia. Yeye wala hajali, akipita ananipigia kelele, "Hujambo, mke wangu wa ndoo?" nami naingia ndani nabamiza mlango.

Mwaka mzima nimejua adui yangu ni Jabiri. Lakini siku ya barua yako Jabiri alikuwa bandarini, hata sauti yake sijaisikia, na hasira ikanipanda ile ile. Nikajiuliza kwa sauti, kama mwehu, "Mwamvita, Jabiri hayupo hapa. Umemkasirikia nani?" Jibu lake sikulipenda.

Basi tangu hapo kila inaponipanda naacha ninachokifanya, nakaa nayo, naiuliza inataka nini. Ni kazi mbaya, afadhali kutwanga gunia zima. Inataka baba aniite. Mie ndiye niliyemlisha na kumwogesha miezi ile yote, na kila nikiingia na bakuli la uji anauliza kama wewe umefika. Jabiri hakumsingizia, maneno yale ni ya baba mwenyewe, aliyasikia kwa masikio yake. Na wewe ulipofika, nyumba nzima ililipuka kwa kilio, "Kipenzi cha baba huyo!" na mie niko uani nasonga ugali. Nilikuchukia, Mfaume. Haya, nimelisema. Ruhusa ulinyimwa kazini, na kupendwa hukukuomba. Hayo yote nilikuwa nayajua, na kuyajua hakukunisaidia kitu.

Jumapili iliyopita nikakamata jogoo nikaenda kwa Jabiri kulipa faini ya utani. Akampokea, akampekua chini ya mbawa. "Huyu ana kideri! Umeshindwa kuniua kwa maji, sasa unataka kuniua kwa mchuzi." Nikamwambia, nifanyie tena baba. Akanitazama. "Ndoo iko wapi kwanza?" Nikamwonyesha mikono mitupu.

Akajilaza kwenye jamvi, akakohoa. "Mfaume kaja? Nani huyo? Aa, ni wewe tu."

Nikamjibu, maana siku zile sikuwahi kujibu: "Ndiyo, baba, ni mimi tu. Hakuna mwingine hapa. Kunywa uji." Kicheko kikanitoka, mara kikageuka kilio, nikalia ambavyo sikulia hata siku ya maziko. Jabiri akainuka, wala hakufanya mzaha. Mkewe akaniletea maji ya kunawa, tukakaa watatu pale mpaka nikanyamaza.

Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Leo asubuhi yalinipanda tena kidogo, nikayatambua, nikaendelea na ukili wangu. Kwa hiyo nakuja. Nitapanda gari moshi mwanzoni mwa mwezi ujao, nyumba ataniangalizia Yuliana. Nikinyamaza ghafla hapo kwako usiniulize "dada, vipi". Niache, hasira itashuka yenyewe.

Msalimie sana Hamisa, na Mzee Jamali mwenye nyumba wenu umpe shikamoo yangu. Yuliana anawasalimu. Jabiri anakuita shemeji na anadai jogoo alikuwa mgumu. Mwenyezi Mungu amfungue Hamisa salama, mama na mtoto watoke na afya zao.

Akiwa wa kiume, jina la baba nitampa kwa moyo mmoja. Akiwa wa kike, nina ombi, na hili usinikatalie: mie nitasimama nje. Ingia wewe kwanza, umpakate, umwambie kwa sauti kwamba ndiye uliyekuwa ukimngoja.

Ni mie dada yako, nikupendaye kwa dhati,
Mwamvita binti Salumu