Maji ya Dominiko

Jumatatu, 2 Machi 2009. Bugendana
Nimetoka zahanati na mwanangu Dominiko. Korodani ya kulia imevimba tangu azaliwe, miezi saba sasa. Muuguzi Anisia anaita idrosele. Nikauliza ndiyo nini — kumbe busha! Nikaona aibu. Kule Kasulu, kwenye kambi ya wakimbizi, tulijua busha ni la wazee.

Anisia akafunga dirisha, akaweka tochi nyuma ya uvimbe. Ukang'aa wote, mwekundu! Maji matupu, akasema. Kijia cha kutoka tumboni hakijaziba. Kwa wengi huziba chenyewe kabla ya miaka miwili. Tusubiri. Ila ukiwa mgumu, mtoto akalia na kutapika — mbio hospitali.

Jumatano, 4 Machi
Simu yangu ina tochi. Nimemulika tena asubuhi. Mwekundu. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 7 Machi. Muyinga
Tumefika kwa mama mkwe, Dorotea, amwone mjukuu. Kamwogesha, kaona. Nikamtuliza: ni maji tu, mama. Laiti ningenyamaza!

Jumapili, 8 Machi
Mama mkwe hataki mtoto anywe kitu. Kaninyang'anya kikombe. "Maji iko ndani, na we unamuongezea ingine?" Hata kunyonya ananipimia. Fredi, mume wangu, anasema nivumilie, huyo ni mama. Uvumilivu gani? Mtoto midomo imemkauka. Nimemnyonyesha kwa kujificha, nyuma ya choo, kama mwizi.

Jumatatu, 9 Machi
Mama mkwe kamwita mzee Anatoli, mganga wa huku anayechanja watu chale. Kesho aje na wembe, atoboe maji yatoke. Nikasema hapana, mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto, kwa sauti. Adabu imeniisha.

Jumanne, 10 Machi
Asubuhi nimefunga dirisha. Mama, njoo uone. Nikamulika.

Kaichukua simu mwenyewe, kamulika huku, kamulika huku.

"Mana yanje, Mungu wangu. Iko safi namna hii?" Halafu: "Na ile ya kikombe inapitia wapi?"

Nikamwambia hayaendi huko, yanatoka kwa mkojo. Akanitazama sana.

Naandika haraka, Dominiko mapajani. Anatoli yuko mlangoni, anabisha hodi mara ya tatu. Fredi hayupo. Mama mkwe, aliyemwita mwenyewe, hainuki kumfungulia. Amekaa kitandani na simu yangu, tochi inawaka, na chaji imebaki kidogo.