Kona Zilizokunjwa Mara Mbili

Mwenzangu, uko? Nimejifungia bafuni. Usipige, andika tu.

Ile riwaya ya mapenzi ya enzi za wafalme niliyoazima maktaba juzi, ya binti wa sonara na tabibu. Tamu hiyo! Tangu asubuhi haijanitoka mkononi, nguo zimelala kwenye beseni.

Sasa wameoana, mke akaanza kudhoofika. Kumbe tabibu mwenyewe anamtilia sumu kwenye chai, kidogo kidogo!

Hapo ndipo nikaona kona za kurasa zimekunjwa. Mara mbili, zikabanwa kwa ukucha.

Unamjua anayekunja hivyo. Mume wangu! Ndivyo anavyofunga vikaratasi vya dawa pale dukani kwake, mwaka wa kumi na moja huu namwona.

Kurasa tatu tu. Zote za sumu. Za mapenzi hakuna hata moja.

Na jana nilipomwonyesha jalada alicheka. "Mimi na hadithi wapi na wapi!"

Ile chai niliyokuringia, kwamba siku hizi ananipikia mwenyewe? Na kile kizunguzungu ulichosema huenda ni mimba?

Nimepima. Si mimba.

Amegonga mlango sasa hivi. Sauti ya upole, ile anayowaambia nayo wagonjwa wameze kutwa mara tatu.

"Mke wangu, umeshafika pale mke wa tabibu anapokufa? Usiogope. Hasikii maumivu."

Sijafika, mwenzangu. Sijafika hapo!

Anagonga tena. Anasema chai yangu inapoa.