Kanga kwenye Shina la Mstafeli

Jumamosi, jua kali tangu asubuhi. Huku Kimbiji upepo wa baharini upo, lakini kiwanja chetu hakina kivuli hata cha kumfichia kuku. Mikono inanuka utomvu, nimechoka, na sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Mimi na Mama Imani tulikuwa na mtoto mmoja. Kitovu chake kilipodondoka, mama yangu alikifukia uani kwetu Kimara, na juu yake akapanda mche wa mstafeli. Ndivyo wanavyofanya watu wa kwetu kusini. Mti unakuwa wa mtoto, na mtoto akiulizwa kwao ni wapi, anaonyesha pale. Imani alikuwa anauaga mti wake kila akitumwa dukani. Homa ilimchukua mwaka juzi, kabla hajaanza darasa la kwanza.

Mti ukaendelea kuzaa kama hakuna lililotokea. Kuna siku niliuchukia kwa hilo.

Nyumba ya Kimara ilikuwa ya familia. Ndugu walipokubaliana iuzwe, mnunuzi alisema wazi kwamba uani atajenga fremu za maduka. Mama Imani hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Mie bila ule mti sihami." Watu walituona tumechanganyikiwa. Mti mzima wenye matunda, unauhamishaje? Tuliuchimba na udongo wake, tukafunga mizizi kwa magunia, tukakata matawi mengi ili upakike kwenye lori la kenta, tukaja nao huku Kimbiji.

Ukashika. Ulipoanza kutoa majani mapya nikajiona fundi, nikawa napita kuutazama kila nikitoka kazini.

Halafu gome likapasuka.

Ufa ulianzia chini ya panda ya matawi ukashuka upande mmoja tu, ule wa jua la alasiri. Majirani hawakukosa dawa. Mmoja alisema nipake oili chafu, mwingine grisi, na mwingine akasema hapo pana mkono wa mtu. Huyo nilimshukuru nikaingia ndani. Mama Imani yeye alikuwa na dawa yake. Siku moja nilirudi nikakuta shina limefungwa kanga, imekazwa vizuri, fundo limekaa juu kama anavyofunga mbeleko.

Ilikuwa kanga ya Imani. Ndiyo aliyobebewa mgongoni siku zile za homa, na tangu alipofariki haikuwa imeguswa na sabuni. Mama Imani alikuwa anailalia. Nami nikibaki peke yangu chumbani nilikuwa naivuta puani kidogo, kisha naikunja kama nilivyoikuta.

Kwa hiyo niliiacha palepale mtini. Ningeanzaje?

Wiki hii majani yamegeuka njano, na sisimizi wakawa wanaingia na kutoka kwenye kanga. Nikampigia Rehema, tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anauza miche kando ya barabara Mikocheni. Aliniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kule Kimara, upande huo wa shina ulikuwa unatazama nini?

Ukuta. Mti ule ulikua umejibanza kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, jua la mchana halikuwahi kuugusa ubavu ule. Tumeutoa kivulini, tumeupunguzia matawi yaliyokuwa yanaufunika, tukausimamisha peupe.

"Umeungua jua huo, braza," Rehema alisema. "Na mkiufunga nguo ndo mnauozesha. Kidonda kinataka hewa."

Akanipa maelekezo. Nikate gome lililokufa mpaka nifike penye uhai. Kwenye kidonda chenyewe nisipake kitu. Shina lililobaki nilipake chokaa nyepesi lisiungue tena, nisimamishe makuti upande wa magharibi, na chini nitandaze nyasi kavu zisiguse shina. Yote hayo nayaweza. Lililonishinda lilikuwa lile fundo la kanga.

Leo baada ya chai nilimwambia Mama Imani. Nilitegemea alie, au anifokee. Badala yake akaenda mtini akaifungua mwenyewe. Kanga ilikuwa imegandamana na gome, ikabidi aibandue polepole, na ilipotoka ilikuwa nyeusi, inateleza. Akaiweka puani.

"Haina harufu yake tena," akasema. "Inanuka mti tu."

Akaikunja, akasogea kando ya shina.

"Kata, Baba Imani."

Nikakata. Nilikuwa nimekinoa kisu vizuri, nikafuata ukingo wa ufa huku na huku. Gome bovu lilitoka vipande vipande, laini, mpaka nikakutana na ukijani. Upande wa jua umekufa, karibu nusu ya mzunguko wa shina. Nusu nyingine ni mbichi. Nilimpigia tena Rehema nikamweleza. Anasema mti unaweza kuishi kwa nusu hiyo, ila pale palipokufa hapafufuki. Gome jipya litaota pembeni, litapazunguka, na huenda lisipafunike. Sikuwa na moyo wa kumhoji zaidi. Nikapaka chokaa, nikasimamisha makuti, nikatandaza nyasi.

Nilipokuwa nanawa, nilimsikia Mama Imani nyuma ya nyumba anafua. Nguo zangu za kazi huwa anazipigapiga mpaka jirani anajua kuna nini. Kanga hii aliifua taratibu, kama anayemwogesha mtoto, akabadilisha maji tena na tena. Kisha akaianika, akaingia ndani bila kunitazama.

Nilisubiri kidogo ndipo nikaenda kambani. Nilijua nitakachokuta. Hata hivyo nikainusa pale katikati, mahali Imani alipokuwa anaegemeza shavu, na nilipomaliza nikainusa tena.

Sabuni.

Nilisimama pale nikalia, mtu mzima, nimeshika nguo mbichi. Jambo la ajabu ni kwamba kwa mti sikulia hata chozi moja.

Kesho nitaamka niumwagilie kabla jua halijapanda. Kanga ikikauka, sijui nani kati yetu ataianua.